Nyaya Ndani ya Kompyuta: Mpangilio si Urembo

Walimu wengi wanaosoma jarida hili wanaifahamu ile stoo ya shule ambamo hulazwa vitu visivyofanya kazi lakini ambavyo hakuna anayethubutu kuvitupa. Humo mna madawati yaliyovunjika miguu, ramani zilizochanika na, katika shule nyingi nilizobahatika kuzitembelea, kompyuta kadhaa za mezani zilizofunikwa na vumbi. Ukiuliza zina ugonjwa gani, jibu huwa moja: "Zimekufa." Ukiuliza ni nani aliyezipima na kuthibitisha kifo hicho, hupati jibu.

Katika ziara moja ya namna hiyo nilimwomba mwalimu wa fizikia tuifungue mojawapo. Alinieleza kwamba mashine ile ilikuwa ikiwashwa hufanya kazi kwa dakika chache, kisha hujizima yenyewe. Iliunganishwa hapo hapo shuleni kutokana na sehemu zilizotolewa katika mashine nyingine tatu, nayo ilikuwa fahari ya shule kwa muda. Tulipoondoa kifuniko tulikuta fungu la nyaya limening'inia katikati ya kasha, na waya mmoja mwembamba umeingia kati ya mapanga ya feni ya prosesa, feni ikashindwa kuzunguka. Prosesa ilikuwa ikipata moto, na kama ilivyoundwa kufanya, ilikuwa ikijizima ili isiungue. Tuliutoa waya ule, tukaufunga pembeni kwa uzi, tukapangusa vumbi na kuiwasha. Ilifanya kazi mpaka tulipochoka kuitazama. Ilikuwa imekaa stoo kwa mihula mitatu, na kwa mihula mitatu darasa zima lilikuwa likisoma habari za kompyuta kwenye ubao wa chaki.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu nataka kutetea rai ambayo huenda wengine wakaiona ndogo mno kwa jarida la sayansi. Rai yenyewe ni hii: mtu anayeunda kompyuta kwa mikono yake, nyumbani au shuleni, hajamaliza kazi pale kioo kinapowaka. Amemaliza pale mtu mwingine asiyemjua anapoweza kufungua kasha, akaona kila waya unatoka wapi na unakwenda wapi, akachomoa mmoja bila kuvuruga mwingine. Kupanga nyaya si pambo la kuongezewa kazi iliyokwisha. Ni sehemu ya kazi yenyewe, na katika shule zetu yafaa kufundishwa na kupewa alama, kama vile tunavyotoa alama kwa hatua za hesabu na si kwa jibu peke yake.

Mpangilio na urembo

Kabla ya kuendelea hapana budi tuondoe dhana moja. Siku hizi wako vijana wengi wanaounda kompyuta zao wenyewe, kasha likiwa na ubavu wa kioo, taa za rangi ndani, na nyaya zilizolazwa kama nywele zilizochanwa. Sina ugomvi nao. Mtu kuipenda kazi ya mikono yake ni jambo jema. Hata hivyo tukidhani kwamba huo ndio mpangilio ninaousema, tutapotea. Mpangilio na urembo huweza kukutana, lakini si kitu kimoja, na historia ya kompyuta inatuonyesha jambo hilo waziwazi.

Mwanasayansi wa Marekani Grace Hopper (1906–1992), ambaye pia alikuwa ofisa wa jeshi la wanamaji la nchi hiyo, alikuwa na desturi ya kuwagawia wasikilizaji wake vipande vya waya vyenye urefu wa sentimita 30 hivi. Kila kipande kilikuwa ni umbali ambao mwanga unaweza kusafiri kwa muda wa nanosekunde moja, yaani sehemu moja katika sehemu bilioni moja za sekunde. Somo lake lilikuwa kwamba waya si njia tupu. Waya una urefu, na urefu ni wakati.

Mwaka 1976 kompyuta ya Cray-1, iliyobuniwa na Seymour Cray, ilifikishwa katika maabara ya Los Alamos huko Marekani. Mashine hiyo ilijengwa kwa umbo la herufi C, na sababu moja kubwa ilikuwa kufupisha nyaya za ndani. Hakuna uliozidi mita 1.2 hivi. Saa yake ilipiga kila baada ya nanosekunde 12.5. Ishara ya umeme husafiri katika nyaya za namna hiyo kwa takriban theluthi mbili za mwendo wa mwanga, yaani mita 200,000,000 kwa sekunde. Mwanafunzi akigawanya 1.2 kwa 200,000,000 atapata nanosekunde 6. Maana yake ni kwamba karibu nusu ya pigo zima la saa ilikwisha njiani, kabla ya ishara kufika. Kwa hiyo urefu wa waya ulikuwa sehemu ya hesabu za mashine kama ulivyokuwa mpigo wa saa yake.

Sasa mtu akitazama picha za upande wa ndani wa Cray-1 ataona kichaka cha nyaya zilizosongamana kama nyasi za masika. Kwa jicho la mpita njia ni vurugu tupu. Kwa mhandisi kila waya una urefu wake uliopimwa, na mahali pake palipochaguliwa. Huo ni mpangilio usio na urembo.

Urembo usio na mpangilio nao upo. Kompyuta za miaka ya 1990 ziliunganisha diski na ubao mkuu kwa kebo bapa ya nyaya 40 zilizolala sambamba, yenye upana wa sentimita 5 hivi. Kasi ya diski ilipoongezeka, kebo hiyo ilifanywa kuwa na nyaya 80 ingawa plagi ilibaki ile ile ya pini 40. Nyaya zilizoongezwa ziliunganishwa na ardhi, zikawekwa mmoja mmoja kati ya nyaya za ishara, ili ishara ya waya mmoja isivujie katika jirani yake. Baadhi ya watu waliopenda unadhifu walizichana kebo hizo kwa urefu na kuzikunja ziwe duara kama kamba. Kasha likapendeza na hewa ikapita, lakini uzio uliowekwa kati ya ishara na ishara ulikuwa umevunjwa. Walisafisha wasichokielewa.

Kutokana na mifano hii miwili naweza kueleza ninachokusudia. Mpangilio ni hali ambayo kila waya una sababu ya kuwa pale ulipo, na sababu hiyo inaweza kuonekana au kusomwa na mtu mwingine.

Hewa na joto

Hoja inayotolewa mara nyingi kuhusu kupanga nyaya ni kwamba nyaya zilizotapakaa huziba hewa, na kompyuta huungua. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, lakini imekuzwa kupita kiasi, na mwalimu wa sayansi hana budi kuipima kabla ya kuifundisha.

Tuchukue kompyuta inayotumia wati 300 ikiwa katika kazi nzito. Karibu nishati yote hiyo hugeuka kuwa joto ndani ya kasha. Lita moja ya hewa ina gramu 1.2 hivi, na gramu moja ya hewa huhitaji takriban jouli 1 ili halijoto yake ipande kwa nyuzi 1 ya Selsiasi. Tukikubali kwamba hewa itoke ikiwa na nyuzi 10 zaidi ya ilivyoingia, basi kila lita itabeba jouli 12. Wati 300 ni jouli 300 kwa sekunde. Kwa hiyo tunahitaji lita 25 za hewa katika kila sekunde, yaani zaidi ya ndoo ya lita 20 kupita ndani ya kasha kila mara moyo unapopiga. Kama darasa lina nyuzi 32, hewa inayotoka itakuwa na nyuzi 42. Ndiyo maana katika miji yetu ya pwani feni haina mapumziko.

Je, nyaya huzuia hewa hiyo? Zile kebo bapa za zamani, zikikaa mbele ya feni, ziliweza kuwa kama pazia. Tangu mwaka 2003, zilipoanza kuenea kebo nyembamba za diski zenye nyaya 7 tu, pazia hilo limekuwa dogo. Katika kasha la kisasa lenye nafasi, ukizipanga nyaya vizuri na kupima tena, mara nyingi utakuta tofauti ya nyuzi moja au mbili, au usione tofauti yoyote. Vumbi lililoziba mapezi ya kipoza joto huleta madhara makubwa kuliko nyaya zilizokaa ovyo.

Joto, basi, si sababu kuu ya kupanga nyaya. Hata hivyo kuna mambo mawili yanayobaki. Kwanza, waya usiofungwa ni waya unaoweza kusogea. Kasha likibebwa kutoka chumba hadi chumba, waya uliokuwa salama jana waweza leo kuingia katika mapanga ya feni, kama tulivyoona katika kisa changu. Pili, vumbi hushika katika mafungu ya nyaya, na mahali ambapo mkono na brashi havifiki hapasafishwi. Mjusi na mende nao hupapenda.

Napendekeza walimu wa fizikia walifanye jambo hili kuwa jaribio la darasa. Ziko programu za bure zinazosoma vipima joto vilivyomo ndani ya prosesa. Wanafunzi waipe mashine kazi ile ile kwa dakika 20, waandike halijoto ya prosesa na ya chumba kila dakika, na warudie mara tatu. Kisha wapange nyaya bila kugusa vumbi, na wapime tena mara tatu. Mwisho wasafishe vumbi, wapime kwa mara nyingine. Wakikuta kwamba vumbi ndilo lililokuwa adui mkubwa, watakuwa wamejifunza namna ya kutenganisha sababu mbili zilizokuwa zimechanganyika, jambo ambalo ni kiini cha sayansi yenyewe.

Mkondo na mguso

Sababu iliyo nzito zaidi ya joto la hewa ni joto la plagi. Waya unaovutwa kwa nguvu, au uliokunjwa ghafla karibu na plagi, huivuta plagi upande mmoja. Pini zikakaa nusu nusu, na sehemu zinazogusana zikapungua.

Mwezi Oktoba 2022 zilianza kutokea habari za plagi za kadi mpya za picha zenye nguvu kubwa kuyeyuka. Plagi hizo ziliundwa kupitisha hadi wati 600 kwa volti 12. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba miongoni mwa sababu kubwa ilikuwa plagi kutosukumwa hadi mwisho. Mwaka 2023 muundo ulirekebishwa ili kadi isipokee umeme mpaka plagi iwe imeingia barabara, ingawa habari za kuyeyuka hazikukoma kabisa.

Mwanafunzi wa kidato cha tatu anaweza kueleza kilichotokea. Wati 600 zikigawanywa kwa volti 12 ni ampea 50. Plagi ina pini 6 za kuleta mkondo huo, kwa hiyo kila pini hubeba ampea 8.3 hivi. Tuseme ukinzani wa mguso katika pini moja ni omu 0.01. Joto linalozalishwa hapo ni mraba wa mkondo mara ukinzani, yaani wati 0.7 hivi, ambalo pini huweza kulivumilia. Sasa tuseme plagi imekaa upande, pini 3 hazigusi vizuri, na mkondo wote unapita katika pini 3 zilizobaki. Kila moja sasa inabeba ampea 16.7, na joto lake ni wati 2.8. Mkondo umeongezeka mara mbili, joto limeongezeka mara nne, ndani ya kipande cha chuma kilicho kidogo kuliko punje ya mchele na kilichozungukwa na plastiki.

Kompyuta nyingi za shuleni hazina kadi za namna hiyo, lakini kanuni ni ile ile kwa plagi ya diski na plagi ya ubao mkuu. Waya uachiwe ulegevu kidogo, uingie katika plagi ukiwa umenyooka, na fungu lifungwe mahali pengine na si kwenye shingo ya plagi. Waya usiovuta ndio uliopangwa vizuri.

Kosa langu mwenyewe

Sababu ya tatu niliilipia kwa gharama. Nilipokuwa nikisomea shahada ya udaktari huko Uingereza, nilijiundia kompyuta ya kufanyia hesabu zangu, kwa kuwa sehemu zake zilipatikana kwa bei nafuu kuliko mashine iliyokamilika. Siku moja kile kisanduku cha kubadili umeme, ambacho mafundi wetu hukiita pawa saplai, kiliharibika. Nilinunua kingine cha namna ile ambayo kebo zake huchomolewa pande zote mbili. Kwa kuwa kebo za zamani zilikuwa tayari zimelala ndani ya kasha, nikaona taabu kuziondoa. Nilichomoa ncha zake katika kisanduku cha zamani na kuzichomeka katika kipya. Ziliingia bila ubishi wowote.

Nilipobonyeza swichi nilisikia mlio mdogo kama wa njugu inayopasuka, kisha harufu. Diski zote mbili ziliungua: ile yenye vipimo vya miezi minne, na ile niliyowekea nakala ya vipimo hivyo.

Upande wa diski plagi zote duniani hufuata kanuni moja. Upande wa kisanduku cha umeme hakuna kanuni hiyo. Kila mtengenezaji hupanga pini anavyotaka, na wakati mwingine hata mtengenezaji mmoja hubadili mpango kati ya toleo na toleo. Nilikuwa nimepeleka volti 12 mahali palipotarajia volti 5. Mzee mmoja aliyekuwa fundi wa maabara yetu alikuja kutazama. Hakunicheka wala hakunipa pole. Aliniuliza tu, "Kebo hizi ulizitambuaje?" Sikuwa na jibu. Hazikuwa na alama yoyote, na rangi zote zilikuwa nyeusi.

Zamani rangi zilisaidia. Katika mpango wa ATX, uliotolewa mwaka 1995, nyaya nyeusi ni za ardhi, njano ni za volti 12, nyekundu za volti 5, na rangi ya chungwa za volti 3.3. Mwanafunzi anayeunda mashine kutokana na sehemu za zamani bado atazikuta rangi hizo, na ni vizuri azikariri. Lakini siku hizi kebo nyingi hufanywa nyeusi tupu ili zipendeze. Hapo tena urembo umekula maarifa, na maarifa hayo hatuna budi kuyarudisha wenyewe kwa kuandika. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Waya bila alama vivyo hivyo.

Namna ya kuifanya kazi

Wapo watakaosema kwamba haya yote yanahitaji vifaa vya fedha nyingi. Hayahitaji. Nitaeleza ninavyowafundisha wanafunzi wangu.

Kwanza ni usalama. Mashine ichomolewe ukutani kabisa, kisha swichi yake ibonyezwe kwa sekunde chache ili chaji iliyobaki ndani iishe. Mwanafunzi aguse chuma kitupu cha kasha kabla ya kugusa ubao mkuu, ile mazabodi ya mafundi, ili umeme tuli wa mwilini mwake usipige vijenzi. Kisanduku cha umeme kisifunguliwe kamwe na mwanafunzi. Ndani yake mna kapasita zinazoweza kushika chaji ya hatari hata baada ya mashine kuchomolewa.

Pili ni kupanga kabla ya kukaza skrubu. Kisanduku cha umeme kiwekwe, na kila kebo inyooshwe hadi mahali itakapofika ili ijulikane itapita wapi. Ile kebo ya prosesa, inayochomekwa kwenye kona ya juu ya ubao mkuu, ipitishwe nyuma kabla ya ubao kufungwa, maana baadaye tundu lake huwa halifikiki kwa vidole. Kisha huja kebo kubwa ya ubao mkuu yenye pini 24, halafu diski, halafu feni. Mwisho kabisa ni vile vijiwaya vyembamba vya swichi na taa za mbele, ambavyo ndivyo vinavyochanganya watu wengi. Swichi haina upande, lakini taa ina upande chanya na upande hasi. Ikigeuzwa haiungui, ila haiwaki.

Tatu ni kufunga. Vifungo vya plastiki vya kukaza ni vizuri, lakini vikikazwa mno huumiza kebo, na mkia wake ukikatwa kwa mshazari huwa kama wembe kwa mkono wa atakayefuata. Mimi napenda zaidi uzi wa fundi viatu uliopakwa nta. Si jambo la kubahatisha. Katika mitambo ya simu ya zamani mafundi walifunga mafungu makubwa ya nyaya kwa uzi wenye nta, fundo kwa fundo, na kazi yao ilidumu kwa miongo ya miaka. Uzi huo ni rahisi, hauna chuma, na hufunguliwa bila kukata kebo. Vile vifungo vya mifuko ya mkate visitumike, kwa kuwa ndani yake mna waya wa chuma unaoweza kupiga shoti.

Nne ni kuandika, na hili ndilo ninalolishikilia kuliko yote. Kila kebo iwe na kipande cha karatasi katika ncha zote mbili, kilichofunikwa na utepe wa kunata unaoonyesha, chenye maneno machache: diski ya kwanza, feni ya nyuma, swichi. Kebo zinazotoka katika kisanduku cha umeme kinachochomolewa pande zote ziandikwe aina na toleo la kisanduku hicho, na kisanduku kikifa zizikwe pamoja nacho. Ndani ya kifuniko ubandikwe mchoro wa mkono unaoonyesha njia za nyaya, tarehe, na darasa lililoifanya kazi. Kila anayebadili kitu aongeze mstari mmoja na tarehe. Kwa saa moja ya kazi na karatasi moja, mashine hiyo inakuwa na historia.

Kwa nini tutoe alama

Nimesikia pingamizi mbili, nazo zinastahili kujibiwa.

Pingamizi ya kwanza inasema kwamba kompyuta za mezani zinapita, kwamba vijana sasa wanatumia simu na kompyuta za mapajani zisizofunguliwa, na kwa hiyo tunafundisha ufundi unaokufa. Nakubali kwamba vyombo vinabadilika. Lakini kompyuta ya mezani ni moja kati ya mashine chache za kisasa ambazo mwanafunzi anaweza kuzifungua kwa bisibisi moja, akaona sehemu zake na kuzirudisha. Na mazoea atakayoyapata hapo atayatumia kesho kwenye betri za umeme wa jua za zahanati, kwenye vyombo vya maabara, na kwenye mtandao wa ofisi. Mahali pote hapo kuna nyaya, na mahali pote hapo kuna mtu atakayekuja baadaye.

Pingamizi ya pili ni nzito zaidi. Mwalimu mmoja aliniambia, "Ndugu Daktari, mimi nina wanafunzi 60 na mashine 4. Kikifanya kazi, nashukuru. Muda wa kupanga nyaya nitautoa wapi?" Siwezi kulidharau swali hilo. Jibu langu ni kwamba mwenye mashine 4 ndiye anayehitaji mpangilio kuliko mwenye mashine 40. Huyu wa pili moja ikifa atachukua nyingine. Wa kwanza kila inayokwenda stoo ni robo ya elimu ya darasa lake. Na kazi yenyewe haihitaji muda wa mwalimu. Yaweza kuwa zoezi la kikundi cha wanafunzi watano kwa alasiri moja, na jaribio lake liwe hivi: kikundi cha pili, ambacho hakikuwapo, kifungue kasha na kubadilisha feni au diski kwa kusoma mchoro tu, bila kuuliza neno. Wakiweza, kikundi cha kwanza kimefaulu. Wakishindwa, alama zipungue hata kama mashine inawaka.

Kwa namna hiyo tutakuwa tumepima jambo ambalo mitihani yetu hulipima kwa nadra, nalo ni kama kazi ya mtu inaweza kueleweka na mwingine. Tumezoea kumsifu fundi ambaye yeye peke yake ndiye anayeijua mashine, aitwaye kila inapokwama. Mimi naona fundi huyo, hata awe hodari namna gani, ameacha deni. Siku atakapohama mashine itahamia stoo. Fundi ninayemsifu ni yule ambaye akiondoka hakuna anayelazimika kumtafuta.

Tunasema mara nyingi kwamba taifa letu halina budi kujitegemea katika teknolojia. Ni neno zuri, lakini halitatimia ikiwa tunaogopa kufungua kifuniko kwa sababu hatujui tutakuta nini. Hofu hiyo mara nyingi haitokani na ugumu wa mashine. Inatokana na vurugu iliyoachwa na aliyetangulia. Kwa hiyo, ndugu mwalimu, muhula huu chukua bisibisi, uzi wa viatu na karatasi, ingia stoo pamoja na wanafunzi wako, ufungue moja ya mashine zinazodaiwa kufa. Huenda kweli imekufa, na basi mtakuwa mmepata sehemu za kujifunzia. Huenda pia ni waya mmoja tu uliokaa mahali pasipo pake. Vyovyote itakavyokuwa, mnapoifunga tena, iacheni katika hali ambayo atakayeifungua baada yenu hatawauliza kitu.